Testi Zako Zinatembea Kama Kobe? Wacha Kulaumu RAM, Cheki Diski ya Seva

Kama wewe ni dev hapa Nax, hii stori unaijua. Uko kejani Free Area, ama Njoro pale karibu na Egerton, saa tano usiku, na kesho asubuhi unafaa kuonyesha sacco ya maziwa ile sistimu umekuwa ukiwajengea. Umeanzisha testi. Umepika ugali, ukakula, ukaosha sufuria, na bado zinasonga tu. Kitu ya kwanza unafikiria ni RAM, na unaanza kuhesabu ganji ya kuongeza.

Tulia kwanza. Hio seva yako pengine ni kompyuta ya ex-UK iko chini ya meza, na ndani umepanga mashini pepe tano, zile wasee huita VM. Moja ya databesi, moja ya API, zingine za testi. Zote tano zinakula kwa diski moja ya kuzunguka. Noma iko hapo.

Piga hesabu. Diski ya 7,200 rpm huzunguka mara 120 kwa sekunde. Ili ifikie kadata kadogo, kichwa chake kinasonga hadi mahali pake, halafu kinangoja sahani izunguke ifike. Yote ni kama milisekunde 12 hivi. Kwa sekunde moja unapata kazi 80, basi. Gawa kwa VM tano, kila moja inabaki na 16. Ni kama Wakulima Market nzima iwe na mkokoteni mmoja, na kila mama anauita upande wake. Mzigo si mzito, ni kuzungushwa tu.

Sasa tuseme uko na testi 2,000, na kila moja inasave kwa databesi mara 10. Hizo ni kazi 20,000. Ukipata 80 kwa sekunde ni dakika nne. Ukipata 16 ni dakika 21. SSD haina kichwa wala sahani, kwa hivyo hakuna kungojana. Hata ile ya kawaida ikiweza 1,000 kwa sekunde, umemaliza na sekunde 20. Kwa hio kazi, hio ganji ya RAM ilikuwa inaenda bure.

Lakini kuna mahali wasee wengi huchoma picha. Ukifungua VirtualBox, kwa mipangilio ya diski kuna mahali pa kuweka tiki ya SSD. Msee anaweka tiki, anatoka hapo akijua ameomoka. Zii! Hio tiki inaambia tu mfumo ulio ndani ya VM kwamba diski ni SSD. Chuma yenyewe chini ya meza haijabadilika, bado inazunguka. Chukua SSD halisi, uweke mafaili ya VM hapo, ndio hio tiki ikuwe na maana.

Ingine ni aina ya muunganisho. VM zingine huanza na diski iliyoigizwa kama IDE ya kitambo, na hio maigizo inakula CPU. Kama unatumia Proxmox ama KVM, badilisha iwe VirtIO, halafu washa discard ndio VM ikifuta kitu, SSD ijue hio nafasi iko wazi. Na zile snapshoti umepanga tangu Januari, moja juu ya ingine, futa. Diski ikiwa na msururu wa snapshoti, kusoma kitu moja inaweza kumaanisha kupitia mafaili kadhaa.

Unataka kujua kama umefaulu? Usipime na dd ukaona giga mbili kwa sekunde ukaanza kupiga nduru. Hio mara nyingi ni RAM inakudanganya. Tumia fio, vipande vya 4K, kuandika ovyo ovyo, na fsync baada ya kila kipande. Hio namba itakuwa ndogo na itakuuma, lakini ndio databesi yako huona.

Kwa fsync hapo ndio stima inaingia. fsync ni databesi kuambia diski, "usiniambie umemaliza kama hujaandika kabisa." PostgreSQL inakuruhusu uizime, na testi zinakimbia kama nduthi imeona kanjo. Kwa seva ya testi ni sawa, stima ikipotea unajenga databesi upya. Shida ni ile siku utakopi hio faili ya mipangilio uipeleke kwa seva ya mteja. Stima ikienda vibaya hapo, rekodi za wakulima wa watu zinaharibika, na hakuna mtu atakuskiza ukieleza.

Na hata ukifanya kila kitu poa, kuna mtego mmoja umebaki. Kejani uko na NVMe inawaka, lakini sacco imekodi diski ya AWS aina ya gp2, giga 100. Hio pia ni SSD, lakini ni ya kugawiwa: inapewa kazi 3 kwa sekunde kwa kila giga, yaani 300. Inaweza kuruka hadi 3,000 kwa kama nusu saa ikitumia akiba yake, halafu inarudi 300. Ndio maana demo ya asubuhi inapendeza, na mwisho wa mwezi wakati wa kulipa wakulima, sistimu inaganda katikati na simu zote zinakuja kwako. gp3, iliyotoka Desemba 2020, inaanzia 3,000 hata diski ikiwa ndogo, kwa hivyo waambie wahame.

Kama hawataki kuhama, Proxmox inakubali kuwekea VM kikomo cha IOPS. Weka 300, run testi za mwisho wa mwezi usiku huo huo, na uone ni swali gani la databesi linakwama kabla sacco ikuonyeshe.