Fundi wa Kendwa na Simu Iliyoongopa

Ukitoka Mjini Unguja ukafuata njia ya kaskazini, mwendo wa karibu kilometa 60, utafika Nungwi. Na jirani yake, upande wa magharibi, ndipo ilipo Kendwa. Wageni huijua Kendwa kwa mchanga wake mweupe na kwa bahari yake isiyokupwa mbali, hata mtu aweza kuoga kutwa. Wenyeji wanaijua pia kwa kuwa karibu na ufuko wa Nungwi, ambako mafundi wangali wanaunda vyombo vya baharini kwa tezo, msumeno na keekee.

Lakini habari ninayowaletea leo si ya fundi wa jahazi. Ni ya kijana mmoja wa Kendwa, umri wake miaka thelathini na kitu, akaaye chumba kimoja nyuma ya duka la shangazi yake, naye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta na za simu. Jina lake ameniomba nisilitaje. Nitamwita Fundi tu, maana ndivyo alivyo.

Labda baba au mama asomaye habari hii atauliza: programu ni kitu gani? Basi, simu uliyo nayo mfukoni ni kisanduku tu. Kinachoiwezesha kuhesabu, kupeleka fedha kwa ndugu yako au kukuonyesha picha ya mjukuu aliye mbali ni maagizo yaliyoandikwa na mtu, mstari baada ya mstari, katika lugha ambayo mashine inaielewa. Maagizo hayo ndiyo programu. Ayaandikaye ni fundi kama seremala au mwashi: ana vyombo vyake, ana shida zake, na akikosea, mara nyingi aumiaye ni mwingine.

KIUNZI CHA KUNUNUA NA KIUNZI CHA BURE

Nilimwuliza Fundi, “Je, kila programu unaianza toka mwanzo?” Akacheka. Akaninyoshea kidole upande wa Nungwi. “Mzee akiunda jahazi,” alisema, “kwanza anaweka mkuku, halafu anasimamisha mataruma. Hicho ndicho kiunzi. Mbao zinafuata baadaye. Nasi tuna viunzi vyetu, ila sisi tunavipata vimekwisha kuundwa. Kazi yangu ni kupigilia mbao.”

Kumbe ndivyo ilivyo ulimwenguni pote. Watu wenye ujuzi huunda kiunzi cha programu, wakakitoa bure kwenye intaneti, na mafundi wa nchi zote hukichukua wakaendelea nacho. Viunzi vingine vimetoka kwa makampuni makubwa. Angular imetoka Google, na React imetoka Facebook mwaka wa 2013. Kingine, kiitwacho Django, kilianzia katika gazeti! Mwaka wa 2003 vijana wawili waliokuwa wakifanya kazi katika gazeti la mji wa Lawrence, huko Kansas, Marekani, walichoka kuandika kila kitu upya huku mhariri akiwahimiza, wakajiundia kiunzi cha kuwarahisishia kazi. Mwaka wa 2005 kikatolewa bure kwa watu wote. Nami, nijuaye jinsi mhariri anavyoweza kumharakisha mtu, niliposikia hayo nilifurahi sana.

Fundi alijifunza kazi hii alipokuwa chuoni bara, mwaka wa 2015. Kiunzi alichofundishwa kiliitwa AngularJS. Alikipenda, akakijua kama ajuavyo njia ya kwao. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, wenyewe wakatoa Angular mpya. Jina lilikuwa karibu lile lile, lakini kiunzi kilikuwa kingine kabisa, hata programu ya zamani haikuweza kuhamishwa bila kuandikwa upya. Kile cha zamani kiliendelea kutunzwa mpaka tarehe 31 Desemba 2021, kisha wakakiacha. “Ni kama umejifunza kuunda jahazi,” aliniambia, “halafu mwenye msitu anakuja kukuambia miti ile hatakata tena.” Programu tatu alizokuwa ameziandika ilimbidi aziandike upya, na mbili kati yake hakulipwa hata senti moja kwa kazi ile ya pili.

Kuna jambo lingine lililomtia hofu. Kiunzi kimoja hutegemea vipande vidogo vidogo vilivyoandikwa na watu wengine, mamia kwa mamia, ambao hawajuani. Tarehe 22 Machi 2016 mtu mmoja aliyekasirika kwa sababu ya ugomvi juu ya jina aliondoa vipande vyake vyote katika ghala la intaneti vinamowekwa. Kimoja kilikuwa na mistari 11 tu. Kazi yake ni kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno. Basi, kwa mistari hiyo 11, maelfu ya programu duniani yalikataa kuundwa siku ile, mpaka wenye ghala wakakirudisha kipande kile kwa nguvu.

Tangu hapo Fundi huhifadhi nakala ya kila kipande katika mashine yake mwenyewe. Tena kwa mtu wa Unguja hilo si la ajabu. Alikuwa bado mwanafunzi wa shule wakati waya wa umeme utokao bara kwa chini ya bahari ulipoharibika, Desemba 2009, kisiwa kizima kikakaa gizani miezi mitatu, hata Machi 2010. Na tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za intaneti zipitazo baharini zilikatika karibu na Afrika ya Kusini, ikawa Tanzania nzima inahangaika. Wenzake wengi walikaa bure siku hizo. Yeye alifanya kazi, kwa kuwa vyombo vyake vyote vilikuwamo ndani.

DAFTARI LA MAMA

Sasa nije kwenye lile hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Visiwani, tangu mwaka wa 2019, Serikali pamoja na shirika la D-tree wamekuwa wakiendesha mpango uitwao Jamii ni Afya. Watu wa kujitolea wa afya, zaidi ya 2,000, hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na simu inayowakumbusha ni mama gani mjamzito wa kutembelewa, na ni mtoto gani. Mwaka wa 2021 mpango huo ulikuwa umefika katika wilaya zote za Unguja na Pemba. Programu yao imesimama juu ya kiunzi cha bure kilichoundwa hasa kwa wahudumu wa vijijini. Sifa yake kubwa ni kwamba simu hufanya kazi hata pasipo na mtandao. Mhudumu huandika yote, na akifika penye mtandao habari huenda zenyewe.

Fundi hakufanya kazi katika mpango huo, ila aliuona, akatamani kuiga. Mwaka wa 2022 zahanati moja ya bara, ambayo sitaitaja, ilimwomba aandike programu ndogo kwa ajili ya akina mama 12 wa kujitolea. Walitaka jambo moja tu: mtoto akizaliwa, simu imkumbushe mhudumu kumtazama siku ya kwanza, siku ya tatu, na tena kabla siku saba hazijapita. Maana watoto wachanga wengi wanaokufa, hufa katika wiki ile ya kwanza. Aliichukua kazi kwa malipo madogo, akaitenda kwa moyo.

Shida ya kwanza ilikuwa saa. Kiunzi kimeundwa na watu ambao siku yao huanza usiku wa manane. Mama akiulizwa, “Mtoto alizaliwa saa ngapi?” hujibu saa 2, yaani jua limekwisha panda. Simu ikiandikiwa 2 hudhani ni saa nane za usiku! Tena wazee wa pwani huhesabu siku toka jua kuchwa. Mama akisema usiku wa Jumatano, ana maana ule usiku tunaolala Jumanne. Hayo Fundi aliyajua, ni mtoto wa pwani. Akapanga simu iulize kwanza: asubuhi, mchana, jioni au usiku? Halafu ndipo iulize saa, kwa hesabu yetu. Na kwa usiku ikaongeza swali: kabla ya kulala watu, au karibu na alfajiri, na kesho yake ilikuwa siku gani? Akajiona amemaliza.

Shida ya pili hakuijua. Kompyuta za dunia nzima, ndani kwa ndani, huhesabu kwa saa ya Greenwich, kule Uingereza. Saa yetu imeitangulia kwa saa tatu. Pale ambapo mama alijua siku tu ya kuzaliwa, asijue saa, mhudumu aligusa tarehe kwenye kalenda ya simu. Kiunzi kikaishika siku hiyo toka mwanzo wake, saa sita kamili za usiku; kisha kikaigeuza iwe saa ya Greenwich, ikawa saa tatu za usiku wa jana yake. Programu ikaikata saa, ikaweka tarehe peke yake. Hivyo mtoto aliyezaliwa Jumanne akaandikwa wa Jumatatu. Fundi alipoijaribu nyumbani kwake mchana, akitumia saa ile ile aliyokuwa ameketi, haikukosea hata mara moja.

Kwa miezi miwili hakuna aliyeona. Mhudumu akienda siku moja mapema, ni nani atalalamika? Lakini mwisho wa wiki ile ya kwanza ndipo palipokuwa na shimo, kwa sababu programu ilikuwa imepangwa kuliondoa jina la mtoto katika orodha siku saba zikipita.

Mhudumu mmoja, mama wa makamo aliyesoma mpaka darasa la saba, alikuwa na desturi ya kuandika pia katika daftari la shule la mwanawe. Jumanne moja asubuhi alifungua simu, asione la kufanya. Akafungua daftari. Daftari likasema leo ni siku ya saba ya mtoto wa fulani, na hujamtazama mara ya mwisho. Mama huyu aliliamini daftari. Akavaa ndala akaenda.

Alimkuta mtoto ana joto kama mkate wa tanuri, hanyonyi tangu usiku, na kitovu chekundu kinanuka. Mama yake, msichana wa miaka 19, alidhani ni jicho la watu. Mhudumu hakubishana naye. Alimbeba mtoto yeye mwenyewe mpaka zahanati, na kutoka pale wakapakiwa kwenye gari kwenda hospitali. Mtoto alilazwa siku tisa akichomwa sindano. Alipona.

Jioni ile Sista mkuu wa zahanati alimpigia simu Fundi. “Mwanangu,” alimwambia, “kuna mama hapa anasema simu yako inaongopa.”

“Haiwezekani, Sista. Nimeijaribu mara nyingi.”

“Basi zungumza naye.”

Mama akaichukua simu, akasoma daftari lake toka ukurasa wa kwanza: jina, siku aliyozaliwa, siku iliyoandikwa katika simu. Jina, siku, siku. Kwa watoto wanane, wanane wote walikuwa wamerudishwa nyuma siku moja. Fundi anasema aliketi chini sakafuni, mgongo ukutani, akisikiliza sauti ile ikisoma, na hakuweza kusema neno ila, “Ndiyo, mama. Ndiyo, mama.”

Kosa lenyewe lilirekebishwa kwa mistari miwili, usiku ule ule. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzipitia tarehe zote zilizokwisha kuandikwa, na hiyo haikufanywa na mashine. Alisafiri kwa boti mpaka bara, akakaa na wale akina mama 12 siku nne, kila mmoja na watoto wake. Nauli alitoa mwenyewe.

Nilimwuliza kosa lilikuwa la nani, la waunda kiunzi au lake? Alifikiri kitambo. Akasema kiunzi hakikudanganya. Kilieleza katika maandishi yake kwamba kinahesabu kwa saa ya Greenwich, ila yeye hakusoma mpaka huko. Kwa maoni yangu anajilaumu mno. Mtu aundaye chombo cha kutumiwa na dunia nzima angepaswa kukumbuka kwamba dunia nzima haiishi Greenwich. Lakini yeye hakukubali.

Siku hizi zimetokea mashine zinazoandika programu zenyewe ukiziuliza, na Fundi huzitumia. Zinamwokolea saa nyingi, asema. Siku moja kwa kujaribu aliiomba mojawapo iandike sehemu ile ya tarehe. Ikaandika vizuri, kwa haraka, na kosa lile lile ndani yake.

Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho, kiunzi anachotumia kilikuwa kimetoa toleo jipya, naye alikuwa hajaamua kulichukua. Mezani, kando ya kompyuta, palikuwa na daftari la shule na kalenda ya ukutani aliyoishusha. Alikuwa ameirudisha saa ya mashine kwenye saa sita na dakika moja za usiku, anaandikisha watoto 40 wa kubuni, mmoja mmoja, na kila mmoja anamtazama kwenye kalenda kwa kidole. Alikuwa amefika mtoto wa 23. Aliniomba radhi, akaniambia niketi, shangazi ataleta chai, yeye asingeweza kusimama kabla hajamaliza.