Fahamu: Bomba jipya chini ya majani chai bila kuchimba mtaro

Kabianga, Kericho, mtaro si jambo dogo. Ukiukata katikati ya shamba la majani chai unang'oa mimea, na mche utakaoziba pengo hilo utakaa miaka 3 hivi kabla ya kuchumwa ipasavyo. Mvua ikinyesha, nayo kule hainyeshi kidogo, udongo mwekundu uliotifuliwa mteremkoni huondoka na maji.

Basi bomba kuukuu linalovuja huko chini hubadilishwaje? Njia moja ni kulipasua papo hapo lilipolala. Mafundi huchimba mashimo mawili tu, kila mwisho wa kipande kibovu. Waya mnene hupitishwa ndani ya bomba, kisha mashine huvuta kichwa cha chuma chenye umbo la koni. Kichwa hicho hulivunja bomba, husukumia vigae vyake udongoni, na nyuma yake huburuta bomba jipya la plastiki lililoungwa kwa joto. Laweza hata kuwa pana kuliko la awali.

Mbinu hii ilianzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mabomba ya gesi ya chuma cha kalibu, ambacho huvunjika kama chungu. Mabomba ya chuma laini hayapasuki hivyo. Huchanwa kwa visu.

Kasoro ipo: kila nyumba inayochota kwenye bomba hilo huhitaji shimo lake la kuunganishwa upya. Penye nyumba nyingi, mashimo hayo hukaribia kuwa mtaro. Lakini bomba linalovuka shamba bila kugawanyika njiani, hapo ningetetea njia hii bila kusita.