Ua Ndani ya Ua

Lugha yetu imelipa neno moja kazi mbili. Ua ni mahali palipozungushiwa ukuta nyuma ya nyumba, wanapopikia na kufulia wapangaji wa vyumba sita. Na ua ni kile kinachochanua juu ya shina. Katika nyumba za Kiswahili zilizosalia Jangwani na Kariakoo, ambazo hupungua kila mwaka kwa kuyapisha maghorofa, ua wa kwanza ungalipo, lakini ua la pili ni adimu, isipokuwa asumini ya bibi kizee mmoja na mrihani uliopandwa katika kopo la samli. Nimekaa katika nyumba ya namna hiyo muda wa kutosha kujua kwamba ua wenye jua waweza kulea, kwa gharama ndogo mno, ua ambalo aghalabu watu hulipita bila kulijua jina, nalo ni zinia.

Asili yake ni Meksiko. Jina alilipa Linnaeus, mwanazuoni wa Uswidi, mwaka 1759, kwa kumwadhimisha Johann Gottfried Zinn, mwalimu wa Göttingen huko Ujerumani, ambaye kitabu chake juu ya umbo la jicho la mwanadamu kilitoka mwaka 1755, na ambaye mauti yalimfika mwaka ule ule wa 1759, umri wake miaka 31. Naona jina limeangukia mahali pake, maana zinia ni ua la macho matupu: pua haina fungu ndani yake. Hilo ndilo lililoiponza mbele ya watu wa pwani, waliozoea asumini, mkadi na mlangilangi, na ambao kwao ua lisiloweza kutiwa katika kikuba halina kazi ya maana. Bibi yetu wa uani, nilipomwamkia siku ya kwanza zilipochanua, aliitikia shikamoo yangu, akainama, akanusa, akanyanyuka taratibu. "Mwanangu," akasema, "hili si ua. Hii ni karatasi."

Ama kuhusu wakati wa kupanda, jina la Jangwani lisikughuri. Mahali hapa paitwapo kwa jina la ukame ndipo mto Msimbazi hupita na kufurika, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa bondeni hata Mabwepande. Mwaka wangu wa kwanza nilizifukia mbegu mwezi wa Aprili, katikati ya masika, nikidhani nimepunguziwa kazi ya kumwagilia. Zikaota zote, na baada ya siku chache zikalala chini zote, shina limenyong'onyea usawa wa udongo kama uzi uliolowa, maradhi ambayo watu wa bustani huyaita kinyausi. Tangu hapo hungoja mvua ikatike, mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, kusi ikishika njia yake, ili maua yachanue Agosti. Maana zinia, tangu mbegu hata ua la kwanza, huchukua siku 60 hadi 70.

Jua nalo lataka hesabu. Sisi wa Dar es Salaam, ambao Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa, twaweza kulisema jambo hili bila dira: mwezi wa Juni jua la adhuhuri huinamia upande wa kibla, na mwezi wa Desemba huinamia upande wa suheli. Basi ukuta ulio upande wa kibla, hasa ukiwa ni ukuta wa ghorofa kumi la jirani, utakutilia kivuli msimu mzima wa kusi, hali ukuta wa suheli utaipa mimea yako jua tele pamoja na joto linalorudishwa na chokaa. Zinia hutaka jua kamili saa sita kwa siku au zaidi; ikilikosa, hurefuka shingo, huanguka, wala haitoi ua la kutazamika.

Asiye na udongo atwae dumu la mafuta ya kupikia, alipasue ubavu, alitoboe chini kwa msumari uliotiwa motoni, kisha alijaze mchanga sehemu mbili na samadi iliyooza barabara sehemu moja, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Mbegu hupatikana Kariakoo katika maduka ya pembejeo, lakini kabla ya kulipa utazame tarehe ya pakiti, kwa sababu joto la dukani huua mbegu kimyakimya. Uzifukie kina cha nusu ya ukucha tu, moja mbali na mwenziwe shibiri moja, pale pale zitakapokaa, maana zinia haipendi kuhamishwa. Na siku ya nne au ya tano, katika joto letu, utaona jozi ya vijani vya mviringo, kisha majani ya kweli, mawili mawili yakielekeana, ambayo ukiyapitishia kidole huparuza kama msasa.

Mche ukifika kimo cha shibiri, ukate ncha yake juu ya jozi ya tatu ya majani. Jambo hili humwuma kila mgeni wa bustani, nami liliniuma; lakini ncha moja iliyokatwa huzaa matawi mawili hata manne, na kila tawi hubeba ua lake. Maji umwagie shinani asubuhi, si juu ya majani, kwa kuwa unyevu unaolala juu ya jani huleta madoa, na miche iliyosongamana bila upepo huingiwa na ubwiri unga, ndugu wa maradhi ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hupambana nayo kwa salfa. Msiba huu umefika hata juu ya mawingu: mwisho wa mwaka 2015, zinia zilizopandwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga zilishikwa na ukungu kwa maji yaliyozidi na hewa isiyotembea, hata mwanaanga wa Marekani Scott Kelly alipoongeza nguvu ya feni na kuomba ruhusa ya kumwagilia kwa kuitazama mimea badala ya ratiba. Januari 2016 zikachanua.

Kabla ya kulikata ua la kutia chomboni, lishike shina shibiri moja chini ya kichwa, ulitikise kidogo: likilegea kama shingo ya mtu mwenye usingizi, liache, likisimama wima, kata. Nalo kila linavyokatwa ndivyo linavyozidi kutoa.

Rangi zake ni karibu zote isipokuwa buluu, na hapo ndipo fitina ilipoingia. Katika mtaa wenye klabu ya mpira ya Yanga tangu 1935 na ya Simba tangu mwaka uliofuata, ua la njano juu ya majani ya kijani si ua tu, na jekundu halikadhalika. Nilipoviacha vichwa vya mwisho vikauke hata vikawa kahawia, nikavivuta petali kimoja kimoja ili kuitoa mbegu iliyoshikamana na tako lake, bapa, nyeusi, yenye umbo la ncha ya mshale, bibi alikuja kuketi karibu nami juu ya kigoda. Hakutaja harufu. Alitaka mbegu za njano, njano peke yake, zifungwe mbali na nyekundu. Nyuki na vipepeo, waliopita uani kutwa nzima kutoka rangi hii hata rangi hii, walikwisha kuzichanganya tangu Agosti, na mbegu ya ua la njano yaweza kabisa kuzaa jekundu. Nilizitia katika bahasha ya karatasi, maana plastiki huzitoa mbegu jasho katika hewa yetu ya pwani, nikaandika juu yake "njano", nikampa kwa mikono miwili. Habari ya nyuki sikuitaja.