Joto la Kasese, baridi ya Butembo: Lita za mafuta hupotelea wapi?

Na Mwandishi Wetu, Bwera

MFANYABIASHARA anayepakia mafuta Kasese jua likiwa kali, akavuka Mpondwe na kuyashusha Butembo alfajiri, anaweza kukuta lita zimepungua ingawa hakuna aliyegusa koki njiani. Kabla ya kumshuku dereva, aulize kwanza kipimajoto kinasemaje.

Kasese iko bondeni, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Butembo imepita mita 1,700, na usiku wake ni wa baridi. Mafuta yakipoa husinyaa. Joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, lita 1,000 za dizeli hupungua kwa takriban lita 8, mafuta ya taa lita 9 na petroli lita 12. Kwa lori la lita 30,000 za petroli, hizo ni lita 360. Lori kubwa hupoa polepole kuliko pipa, lakini hesabu ni ileile.

Baridi huongeza pia mnato, yaani mafuta huwa mazito kutiririka, kama asali ya asubuhi. Jambo hili huwashughulisha zaidi watu wa ndege. Mafuta ya Jet A-1, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, hutakiwa yasigande hadi nyuzi 47 chini ya sifuri. Katika nyuzi 20 chini ya sifuri, mnato wake usizidi milimita mraba 8 kwa sekunde, kwa kuwa mafuta mazito hayanyunyiziki vizuri ndani ya injini. Barabara ya Kasindi haina baridi ya namna hiyo. Mnato utachelewesha pampu kidogo tu. Lita hupunguzwa na kusinyaa.

Kwa hiyo pima joto wakati wa kupakia na wa kushusha, na uliandike kwenye hati pamoja na lita. Kubalianeni mapema lita zihesabiwe kwa joto gani. Bohari nyingi hutumia nyuzi 15 au 20. Mkibishana, pimeni uzito, maana kilo hazibadiliki kwa joto wala baridi.

Anayebeba mapipa asiyajaze pomoni. Lita 200 za petroli zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka karibu lita 5, na pipa lisilo na nafasi huvimba au kuvuja.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Soko limekuwa moja, lakini lita ya bondeni na lita ya mlimani bado si sawa.