Ofa ya uzamili haingoji harambee

Aprili 16, saa moja kasoro dakika moja asubuhi, matatu za Kondele, Kisumu, zimekwisha anza kuita abiria na akina mama wa omena wako njiani kuelekea Kibuye. Kwa mhitimu wa mtaa wa Manyatta aliyepata nafasi ya kusomea uzamili mashariki mwa Marekani, dakika hiyo huenda ikawa ya mwisho. Huko New York bado ni Aprili 15, saa sita kasoro dakika moja usiku, na vyuo vingi hufunga hesabu ya waliojibu siku inapokatika. Asiyejibu huhesabiwa kuwa amekataa.

Tarehe hiyo iliwekwa kumlinda mwanafunzi. Muungano wa vyuo vya uzamili vya Marekani, Council of Graduate Schools, una azimio lililokubaliwa na vyuo vingi: aliyeahidiwa ufadhili asishurutishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Aliyekubali mapema naye anaruhusiwa kujiondoa kwa maandishi hadi siku hiyo. Nia ni kumpa nafasi ya kulinganisha ofa bila kusukumwa. Lakini muda huo ulipimwa kwa mtu anayeamua peke yake, na Manyatta si wengi wanaoamua peke yao.

Kijana akipoteza nafasi kwa kutojibu, watu hukimbilia kusema ni uzembe. Waliokaa na familia za Manyatta wanajua mambo huenda vingine. Barua ya ofa ikifika nyumbani, huwa si ya mtu mmoja tena. Mama anauliza nauli itatoka wapi. Kaka mkubwa anauliza nani atasaidia kodi ya nyumba na karo ya kitinda mimba. "Tungoje kwanza baba mdogo wa Nairobi atoe neno," anasema mzee, na baba mdogo hafiki hadi Pasaka. Chama cha mama nacho hukutana mara moja kwa mwezi. Kijana mwenyewe anaona haya kukubali kitu ambacho hajui kitalipiwaje, basi ananyamaza. Nyumbani, kimya hicho ni adabu. Katika ofisi ya udahili, ni jibu la hapana.

Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika, na linaweza kuepukwa. Wengi huchanganya kukubali nafasi na kulipia safari.

Gharama huja baada ya jibu

Kwa kawaida, kujibu ofa ya uzamili yenye ufadhili Marekani hakugharimu hata shilingi. Ukishakubali na kuonyesha jinsi masomo yatakavyolipiwa, chuo hukutumia fomu ya I-20 ya kuombea viza. Ni baada ya hapo ndipo unapolipa dola 350 za usajili wa SEVIS na dola 185 za ombi la viza, kisha unapanga safari ya kwenda ubalozini Gigiri kwa mahojiano. Jumla yake, kwa bei ya shilingi 129 kwa dola, ni kama shilingi 69,000. Hizo ni pesa nyingi Manyatta, lakini si pesa za Aprili. Familia inayosubiri zipatikane ndipo kijana ajibu imegeuza utaratibu juu chini.

Uingereza hali ni ngumu zaidi, na hapo kusita kwa familia kuna msingi. Vyuo vingi hudai amana kwa mwanafunzi wa kigeni anayejilipia kabla ya kumpa hati ya kuombea viza. Kuna pia ada ya huduma za afya, pauni 776 kwa kila mwaka. Sharti linaloumiza zaidi wanaotegemea harambee ni lile la benki: pesa za karo na za kujikimu lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo kabla ya ombi la viza. Harambee ya Jumamosi haiwezi kuleta viza ya Jumatatu, hata ichange kiasi gani.

Walio chini ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hawabebi mzigo huo wa karo, ila wana makataa yao. Mshindi asiyepata ofa isiyo na masharti kutoka chuo alichochagua kufikia tarehe iliyowekwa, kwa kawaida mwezi Julai, hupoteza ufadhili wenyewe. Na sharti linalokwamisha mara nyingi ni nakala rasmi ya matokeo, ambayo hutoka chuoni kwake wala haimo mikononi mwa kijana. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma mwaka 2025 ulidumu siku 49 hadi Novemba 5, msimu uleule ambao watu hutayarisha maombi ya ng'ambo. Hata intaneti si ya kutegemewa: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Ongeza kupotea kwa stima na bando linaloisha fomu ikiwa nusu, uone jinsi dakika ya mwisho ilivyo mahali pabaya pa kuweka matumaini.

Somo la 1960

Eneo hili la ziwa linajua vizuri habari ya kuwa na nafasi bila nauli. Mnamo Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya, mwana wa jamii ya Kisiwa cha Rusinga, ilipeleka wanafunzi 81 Marekani. Mwaka uliofuata kundi lilikuwa kubwa zaidi. Vyuo vilikuwa vimewakubali na karo ilikuwa imeahidiwa, lakini nauli haikuwepo, na muhula ulikuwa unafunguliwa Septemba. Serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kugharamia usafiri. Julai 26, 1960 Mboya alikutana na Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, huko Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000.

Kilichowaokoa wanafunzi wale kilikuwa zaidi ya ukarimu wa tajiri. Nafasi zao zilikuwa zimekubaliwa na majina yao yako kwenye orodha, hivyo Mboya alipobisha mlango aliomba pesa kwa ajili ya watu wanaosubiriwa darasani. Ni rahisi kumchangia aliyekwisha kukubali nafasi kuliko anayefikiria kukubali.

Kwa hiyo ushauri kwa aliye na ofa mkononi ni huu. Kwanza, angalia saa ya makataa ni ya wapi. Saa za mashariki mwa Marekani ziko nyuma yetu kwa saa 7 mwezi Aprili, na London kwa saa 2, kwa hiyo unapata nyongeza kidogo. Japani iko mbele kwa saa 6. Makataa ya usiku wa manane huko ni saa 12 jioni Kisumu, wakati wengi ndio kwanza wanatoka kazini.

Pili, kama familia haijaamua, andika kabla ya tarehe. Sentensi nne zinatosha: shukrani, kwamba bado unaitaka nafasi, sababu ya kuchelewa, na siku utakayotoa jibu. Taja siku kamili. Afisa wa udahili hawezi kufanya lolote na "hivi karibuni".

Tatu, tarehe ikikupita, andika siku hiyohiyo. Baadhi ya nafasi hubaki wazi wengine wanapojiondoa, na vyuo vingine hukubali kuahirisha udahili hadi mwaka unaofuata. Ufadhili hauahirishwi kirahisi hivyo, kwa hiyo uliza mambo hayo mawili kila moja peke yake.

Vyuo navyo vina la kufanya. Chuo kinachojivunia wanafunzi kutoka Afrika kinaweza kutuma ukumbusho mmoja kabla ya kufuta jina, na kuandika wazi kwenye barua ya ofa kwamba kukubali hakudai malipo pale ambapo hakudai. Sentensi hiyo moja ingemaliza vikao vingi.

Lakini hatua kubwa iko nyumbani. Maombi mengi ya uzamili Marekani hufungwa kati ya Desemba na Januari, na majibu huanza kuja Februari. Kikao cha familia kifanyike Desemba, watu wanapokutana kwa Krismasi na baba mdogo yuko: nani atabeba kodi, chama kitakopesha kiasi gani, kijana ana ruhusa ya kukubali ofa ya aina gani bila kuuliza tena. Wakikubaliana hayo mapema, ofa itakapofika Machi ataijibu siku hiyohiyo, na miezi iliyobaki itakuwa ya kutafuta pesa.