Tisa Bila Kumi

Msomaji wetu mmoja wa Yeoville, Johannesburg, kaniletea swali lenye harufu ya lawama. Kila Ijumaa kwa miaka 11 amekuwa akirusha vishale kwenye baa ya jirani, na hajawahi kuona kwa macho yake mtu akimaliza legi kwa vishale tisa. Lakini akifungua simu, haipiti wiki bila video mpya: kijana mwingine Ulaya kamaliza kwa tisa, ukumbi mzima unaruka, bia inamwagikia watu. "Ni hewa nyepesi ya huku juu inayotuharibia," anauliza, "au wenzetu wana mikono ya namna gani?"

Si yeye peke yake. Tangu Desemba 2025, Mkenya David Munyua, daktari wa mifugo, alipopanda jukwaa la Alexandra Palace jijini London akiwa Mkenya wa kwanza kucheza ubingwa wa dunia wa vishale, akatanguliwa seti mbili, kisha akageuza kibao na kumtoa Mbelgiji Mike De Decker kwa seti 3-2, barua ninazopata kwenye safu hii zina vishale vingi kuliko nyota na sayari.

Sheria za mchezo sitazieleza. Muulize yeyote aliyekaa karibu na ubao, atafurahi kukuchosha. Inatosha kujua kwamba unaanza legi na 501, unashuka hadi sifuri, kishale cha mwisho lazima kiingie pete ya dabo (inayozidisha alama mara mbili) au jicho la katikati, na hakuna njia ya kufika kwa vishale pungufu ya tisa. Njia za kufika kwa tisa ziko 3,944. Inayopigwa zaidi ni 180, tena 180, halafu 141. Ninayoipenda mimi ni 167 mara tatu, kwa sababu imepangika kama mkeka wa ukili.

Kuhusu jina, mimi na mhariri tumezozana wiki nzima. Kwa Kiingereza legi ya namna hii huitwa kamilifu, na neno lao la legi ndilo hilohilo la mguu. Mguu mkamilifu? Hilo ni tangazo la mafuta ya kujipaka. Mhariri akaleta "mkondo kamilifu", akitetea kwamba watangazaji wetu wa kandanda husema mkondo wa kwanza na mkondo wa pili. Sawa, lakini mkondo wa kandanda ni dakika 90, na huu wa vishale unaisha chai ikiwa bado ya moto. Mimi nimeng'ang'ania "tisa bila kumi". Mswahili akishataja mambo yake yote husema, "Hayo tisa, kumi ni hili," na hilo la kumi ndilo linalofunga mjadala. Aliyemaliza kwa vishale tisa hana kumi. Hana cha kuongeza. Mhariri amekubali kwa sharti kwamba legi iendelee kuitwa legi.

Sasa tuje kwenye kitu kilichoninyima usingizi, nacho ni kipeo cha tisa.

Chukua mchezaji ambaye katika vishale kumi anavyolenga, vinne vinaingia anapotaka. Nafasi yake kwa kishale kimoja ni 0.4. Kwa viwili mfululizo ni 0.4 mara 0.4. Kwa tisa unazidisha hivyo mara tisa, na unapata nafasi moja katika 3,815. Mpunguze kidogo tu, aingize vitatu katika kumi: moja katika 50,805. Mwongeze, aingize vitano: moja katika 512. Tazama tena. Anayeingiza vinne na anayeingiza vitatu ukiwaweka mbele ya ubao jioni moja utasema wanalingana. Mmoja atashinda, mwingine atanunua vinywaji. Lakini kwenye kipeo cha tisa wa kwanza anampita wa pili mara 13. Tofauti ya kishale kimoja katika kumi, ambayo jicho halioni, imejizidisha yenyewe mpaka ikawa bonde.

Nipe nafasi niieleze kwa teksi, daladala ya huku. Unapanda Yeoville unakwenda mjini, kituo cha Bree. Huku taa za barabarani huitwa roboti, na mgeni wa kutoka Dar akiambiwa "shuka kwenye roboti" hutazama huku na huku akitafuta mashine yenye mikono. Tuseme njiani kuna roboti tisa, na kila moja ina nafasi nne katika kumi ya kukupokea kwa kijani. Ya kwanza kijani; hakuna anayejali. Abiria wa nyuma wanapitisha nauli mbele, yule aliyekaa kando ya dereva anahesabu chenji kwenye paja, maana huku kiti cha mbele ni ajira isiyo na mshahara. Ya pili kijani. Ya tatu. Ya nne. Ya tano, mama mwenye mfuko mkubwa wa miraba anainua kichwa. Ya sita, mazungumzo yanapungua. Ya saba, hata yule mwenye chenji ameacha kuhesabu. Ya nane kijani, dereva kashika usukani kwa mikono miwili, jambo ambalo hajalifanya tangu apate leseni. Ya tisa inakuja, bado kijani, na mzee mwenye mkokoteni wa makaratasi chakavu anakata barabara.

Hivyo ndivyo inavyokuwa. Kwa roboti ya kwanza mpaka ya nane hujafika popote. Nane ni sawa na sifuri. Na ukishapita sita, hesabu ya nyuma imekufa: unadaiwa tatu tu, nafasi yako sasa ni 0.4 kwa kipeo cha tatu, kama moja katika 16. Ndiyo maana ukumbi hunyamaza baada ya cha sita. Watazamaji hawajasoma takwimu, lakini matumbo yao yamesoma. (Siku ya mgao wa umeme roboti zote huzimika na kila mtu hupita apendavyo, na hapo mfano wangu unakufa. Tuseme umeme upo.)

Yule mzee wa mkokoteni alimkatia barabara Michael van Gerwen Desemba 2012. Katika nusu fainali ya ubingwa wa dunia dhidi ya James Wade, Mholanzi huyo alipiga tisa bila kumi. Legi iliyofuata akapiga vishale vingine vinane bila kosa, akasimama mbele ya dabo ya 12. Alikuwa na vishale 17 visivyo na doa. Cha 18 kikatoka nje. Kwa mtu wa vinne katika kumi, 17 mfululizo ni nafasi moja katika milioni 5.8. Januari 2023 yakamkuta tena, katika fainali, dabo ileile ya 12: akakosa cha tisa, na Michael Smith, katika legi hiyohiyo, akasogea akapiga cha kwake kikaingia. Video hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mume wangu.

Kuna watakaosema roboti hazijitegemei, kwamba ukipata ya kwanza kijani ya pili huenda imepangwa ifuatane nayo, na kwamba kishale kilichokaa vizuri kinaweza kuongoza kinachofuata au kukiziba njia. Kweli kabisa. Tuendelee.

Kipeo cha tisa kinaeleza mkono. Hakielezi video za kila wiki. Hizo zinaelezwa na kalenda.

John Lowe alipofanya hivyo mbele ya kamera kwa mara ya kwanza, Slough, tarehe 13 Oktoba 1984, alilipwa pauni 102,000 kwa legi moja hiyo. Waandaaji walijua wanachokifanya: mashindano yalikuwa machache, na hesabu ilikuwa upande wao. Paul Lim, mzaliwa wa Singapore, alikuwa wa kwanza kufanya hivyo kwenye ubingwa wa dunia, mwaka 1990, akapata pauni 52,000. Baada yake ubingwa wa dunia ulisubiri miaka 19, mpaka Raymond van Barneveld mwaka 2009.

Linganisha na leo. Siku moja ya yale mashindano ya ukumbini yasiyo na mbwembwe, Wigan au Leicester au Hildesheim, wanaingia wachezaji 128 kwa mtoano. Hizo ni mechi 127. Nyingi ni za anayetangulia kufikisha legi 6, kwa hiyo kila moja inabeba legi 6 hadi 11. Kwa siku moja zinarushwa legi zipatazo 1,000, na kila legi ina watu wawili wanaojaribu: majaribio 2,000. Siku za namna hiyo ni zaidi ya 30 kwa mwaka. Majaribio 60,000, ukigawanya kwa 3,815, yanakupa tisa bila kumi 15 au 16, na hapo hujagusa ziara ya Ulaya, wala Alhamisi za Premier League ya vishale, wala mashindano ya Blackpool ya Julai, wala ubingwa wa dunia wenyewe uliopanuliwa kutoka wachezaji 96 hadi 128. Wala Ghuba: Luke Littler, siku mbili kabla hajatimiza miaka 17, alipiga yake Bahrain, Januari 2024.

Sasa rudi Yeoville. Ijumaa 50 kwa mwaka, legi kumi kila Ijumaa, warushaji wawili: majaribio 1,000 kwa mwaka. Baa ya watu wanaoingiza viwili katika kumi ina nafasi moja katika 1,953,125. Ndugu yangu, ili uione moja ulipaswa kuanza kukaa hapo enzi za Kaisari wa Roma. Wakifika vitatu katika kumi, subira ni miaka 51. Wakifika vinne, ni miaka minne hata haitimii. Miaka yako 11 haina mkosi wowote.

Na hewa? Nilitaka kuipuuza, lakini penseli ikanikatalia. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ya Durban. Kishale kizito cha gramu 20 na kitu hakijali sana hilo katika safari ya mita 2.37. Kinachojali ni mvutano wa dunia, ambao nao haulingani kila mahali. Johannesburg iko juu, iko karibu zaidi na ikweta kuliko London, na dunia imetuna kidogo kiunoni. Mvutano wa London ni mita 9.812 kwa sekunde kila sekunde; wa Johannesburg ni 9.786 au hapohapo. Kishale kinachokwenda mita 6 kwa sekunde hukaa hewani kama sekunde 0.4, na katika muda huo mvutano hukishusha karibu sentimita 78. Tofauti ya miji hiyo miwili, ukiipigia hesabu, ni milimita 2. Kwa mtu wa Nairobi inakaribia 3.

Utacheka, mpaka ukumbuke kwamba pete ya mara tatu, pale juu kwenye ishirini, ina kimo cha milimita 8. Mtu aliyenoa mkono wake Johannesburg akitua London na kurusha vilevile, kila kishale kinashuka robo ya shabaha. Tuseme hilo linamtoa kwenye 0.45 na kumshusha hadi 0.40. Ukipitisha kwenye kipeo cha tisa, nafasi yake inatoka moja katika 1,322 na kuwa moja katika 3,815. Milimita mbili zimekula theluthi mbili ya bahati yake. Mkono hujirekebisha baada ya mazoezi kidogo, najua, lakini acha nifurahie.

Basi usiilaumu hewa, na usiisifu. Devon Petersen, Mwafrika wa kwanza kushinda shindano la ziara ya Ulaya, aliyemfunga Jonny Clayton 8-3 huko Hildesheim Septemba 2020, ni mtoto wa Mitchells Plain, Cape Town, kwenye usawa wa bahari. Kilichombeba ni kwamba alihamia kwenye kalenda. Na kalenda iko mbali: tangu 2009 mwenye pasi ya Afrika Kusini anahitaji viza kuingia Uingereza, Ujerumani pia anahitaji, na Wigan haingoji ubalozi umalize chai.

Jambo la kuudhi ni kwamba ubao wenyewe ni wa kwetu. Mbao nzuri hutengenezwa kwa nyuzi za mkonge zilizoshindiliwa, na kampuni ya Nodor, wenye jina la Winmau, wanazitengenezea Kenya. Mkonge wa Afrika Mashariki unasafiri kwenda kutobolewa na watu wengine katika majaribio 60,000 kwa mwaka.

Msomaji wa Yeoville, naomba unifanyie kazi moja. Ijumaa ijayo weka daftari kando ya ubao. Usiandike nani kashinda. Andika vishale vingapi vililengwa kwenye ishirini mara tatu na vingapi viliingia, kwa kila mchezaji, kwa majuma manne. Nitumie tarakimu hizo, nami nitakuambia mwaka gani uende na kamera.