Vipande vya Mbao ya Mawimbi kwa Magitaa ya Umeme

Miongoni mwa kazi ambazo vyama vya ushirika vya maseremala vinaweza kuzitafakari ni utengenezaji wa vipande vidogo vya ala za muziki. Gitaa la umeme ni mfano ulio wazi. Sauti yake hutokana na mtikisiko wa nyuzi za chuma juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Kwa hiyo fremu zinazozunguka sumaku hizo, vifuniko vya nyaya na vifundo vya kurekebishia sauti havina kazi kubwa katika kutoa sauti. Kazi yake ni kukaa imara na kupendeza macho. Aghalabu huwa vya plastiki, lakini mpigaji anayetaka gitaa lisilofanana na la mwenziwe huagiza vya mbao yenye mawimbi. Vipande hivyo ni vidogo, na vingi hupatikana katika mabaki ambayo karakana nyingi huyatupa jikoni yakawa kuni.

Mawimbi hutokana na nini

Mawimbi hutokea pale nyuzinyuzi za mti zisipokua wima, bali zikapinda huku na huku. Mwanga ukizipiga, nyingine huonyesha ubavu wake zikang'aa, na nyingine huonyesha ncha zake zikafifia. Ubao ukigeuzwa, palipong'aa hufifia. Mti ulio mashuhuri kwa sifa hiyo ni mepo wa Amerika ya Kaskazini. Katika Afrika ya Mashariki, mkangazi huwa na nyuzinyuzi zinazopishana tabaka kwa tabaka. Gogo lake likipasuliwa kuelekea kwenye kiini, michirizi kama ya utepe hujitokeza. Likipasuliwa vinginevyo, michirizi hiyo hupungua. Hivyo thamani ya gogo huweza kupatikana au kupotea siku lilipopasuliwa.

Historia ya gitaa lenyewe inathibitisha jambo hili. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilipoanza kuuza gitaa la Les Paul mwaka 1952, uso wake wa mepo ulifunikwa kwa rangi ya dhahabu. Mwaka 1958 rangi hiyo iliachwa, ikatumiwa rangi ipitishayo mwanga, na mawimbi yakaonekana. Magitaa hayo ya 1958 hadi 1960 ni miongoni mwa magitaa ya umeme yanayouzwa kwa bei kubwa kabisa. Aina ya mti haikubadilika. Kilichobadilika ni kuonyeshwa kwake.

Ukaushaji

Hapa ndipo hasara nyingi huanzia. Mbao ya ala za muziki hutakiwa iwe na maji ya asilimia 6 hadi 8 tu. Mbao iliyoanikwa kivulini katika mwambao wenye unyevu haifikii kiwango hicho, hata uzito wake ukiacha kupungua katika mizani. Hapana budi imalizwe katika tanuri la kukaushia, kwa joto la taratibu, huku ncha zake zimepakwa nta ili zisipasuke. Kipande kisichokauka sawasawa kikifika katika nyumba za nchi za baridi, ambazo hewa yake hukaushwa na moto wa ndani, hunywea na kupasuka. Mnunuzi hukirudisha, na jina la chama huharibika pamoja nacho.

Kukata na kumalizia

Fremu ya sumaku ni kipande chembamba chenye tundu katikati. Pande zake mbili hufuata nyuzinyuzi na huwa na nguvu. Mbili nyingine hukata nyuzinyuzi na huvunjika upesi. Dawa yake ni kugundisha chini yake tabaka jembamba la mbao ambalo nyuzinyuzi zake zimekingama. Tundu hutobolewa kwanza, kipande kingali kipana, ndipo kingo za nje zikatwe.

Randa butu hung'oa mbao ya mawimbi, kwa sababu nyuzinyuzi hubadili mwelekeo kila baada ya masafa mafupi. Ulimi wa randa uwe mkali na ukate kidogo kidogo. Kisha ufuate msasa, kuanzia ulio mkavu hadi ulio laini. Vifundo navyo vipimwe kwa uangalifu: vijiti vya chuma vya magitaa mengi ya Marekani vina unene wa milimita 6.35, na vya magitaa mengi ya Asia milimita 6.

Zaidi ya yote, vipande vya gitaa moja vikatwe katika ubao mmoja na kutiwa alama kwa mfuatano, ili mawimbi yalingane. Ubao wa mawimbi hauna pacha. Fremu moja ikiharibika, seti nzima imeharibika. Vumbi la mbao nalo, hasa la mpingo, huwasha ngozi na kudhuru pumzi. Mafundi wafunike pua na mdomo.

Wajibu wa katibu

Katibu asiruhusu msumeno uguse ubao kabla ya kupata vipimo kwa maandishi, mchoro, na malipo ya awali. Aidha awe na hati zinazoonyesha mbao ilikotoka. Mpingo, ambao hutumiwa kwa ubao wa vidole katika shingo ya gitaa, uliwekwa chini ya usimamizi wa mkataba wa kimataifa wa CITES tarehe 2 Januari 2017, pamoja na jamii yake yote. Mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki na sehemu zake zilizokwisha kukamilika ziliondolewa katika sharti hilo, lakini magogo na mbao havikuondolewa. Sheria za misitu za nchi bado zinavihusu vyote.

Sharti hilo lina funzo kwa wanachama. Anayeuza gogo huuza mti uliokua kwa miongo mingi kwa bei ya siku moja. Anayeuza kipande kilichokauka, kilichopimwa na kukamilika, huuza pia kazi ya mikono yake, na kazi hiyo ndiyo mali ambayo chama kinaweza kuizalisha tena mwakani.